Mafuta ya Futari: Yametoka Wapi Hadi Kufika Karaini?

  

Ramadhan moja sisi vijana tulizunguka hapa Fedha na mitaa jirani ya Tassia na Pipeline tukigawa vifurushi vya futari. Ndani mlikuwa na unga, mchele, sukari, tende, na chupa moja ya mafuta. Yale mafuta tuliyanunua ya kupima, kutoka jerikeni lililokuwa limekaa juani mbele ya duka, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa rahisi kuliko yote. Tukafika kwa nyanya mmoja. Akatupokea vizuri, akatuombea dua, kisha akafungua ile chupa akainusa, akaifunga. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Wajukuu zangu, na nyumbani kwenu mwapikia haya haya?"

Hakuna kati yetu aliyemjibu. Swali hilo limenikaa moyoni mpaka leo, na ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za mafuta. Nikagundua kwamba mafuta yana historia ndefu, na historia yenyewe inatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko nilivyodhani. Hebu tutembee pamoja.

ZAMA ZA SIMSIM NA NAZI

Ukimuuliza mzee wa Pwani mafuta ya zamani yalikuwa gani, atakutajia matatu: nazi, simsim na samli. Nazi ilikunwa ikakamuliwa tui, na chakula kingi kilipikwa kwa tui badala ya kukaangwa. Samli ilitoka kwa wafugaji. Simsim ilikamuliwa kwa shinikizo: kinu kikubwa cha mbao chenye mchi mzito, na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni akiuzungusha kutwa nzima. Mashinikizo ya ngamia yalikuwa jambo la kawaida Lamu na Unguja.

Lakini usidhani simsim ilikuwa ya jikoni peke yake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa walikuja kuinunua katika pwani yetu na kuipeleka Marseille, ambako viwanda viliitengeneza mafuta na sabuni. Mji wa Malindi, uliokuwa umebaki magofu, ulifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 wakati wa Sultan Majid wa Zanzibar, na utajiri wake ukawa mtama na simsim. Na hapa tuseme kweli hata kama ni chungu: mashamba yale yalilimwa na watumwa, na wengi wa wenye mashamba walikuwa Waislamu wenzetu. Historia inayoficha aibu haimfundishi mtu kitu.

Kwa hiyo tangu zamani hizo mambo mawili yalikuwa wazi. Mafuta ni biashara ya dunia, na anayeamua yaende wapi mara nyingi si yule anayeyalima wala anayeyala.

PANYA WA CALIFORNIA

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu bila ya safari hii hatutaelewa nyanya alinusa nini kwenye ile chupa.

Mwaka 1922, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, watafiti wawili, Herbert Evans na Katharine Bishop, waliwalisha panya chakula kilichopimwa: protini ya maziwa, wanga, mafuta ya nguruwe, mafuta ya siagi na chumvi, pamoja na vitamini zilizokuwa zikijulikana wakati huo. Panya walikua wakaonekana wazima. Majike yakashika mimba, lakini vijusi vikafa tumboni. Walipoongezewa majani ya saladi, mimba zikafika. Baadaye ikaonekana kwamba kiini cha mbegu ya ngano kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kulikuwa na kitu ndani yake ambacho hakikuwa na jina. Kwa kuwa herufi A mpaka D zilikuwa zimeshachukuliwa, kikaitwa vitamini E.

Mwaka 1936 Evans na wenzake walifanikiwa kukitenga kitu chenyewe kutoka mafuta ya kiini cha ngano, wakakiita tokoferoli, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba uzazi. Mwaka 1938 Paul Karrer wa Uswisi akakitengeneza maabara.

Wakati huohuo, katika miaka ya 1920 na 1930, mtaalamu mwingine, Henry Mattill wa Iowa, alikuwa akichunguza kwa nini mafuta huchacha. Jibu ni hewa. Oksijeni huyashambulia mafuta kidogo kidogo, na mwanga wa jua na joto huongeza kasi. Vitamini E ni mlinzi wa mafuta. Oksijeni inapokuja, vitamini E hujitoa yenyewe kwanza ili mafuta yasiguswe. Mlinzi akiisha, mafuta huharibika, na harufu ile ya kale hujitokeza. Na ndani ya mwili wako kazi ni hiyohiyo: hulinda mafuta yaliyojenga kuta za chembechembe zako.

Subhanallah! Allah ameiumba mbegu ya alizeti na ya simsim, akaitia mafuta ili mche upate nguvu ya kuota, na ndani ya mafuta hayo hayo akaweka mlinzi wake. Nyanya yule hakusoma Berkeley, lakini pua yake ilijua kwamba katika jerikeni letu mlinzi alikuwa ameshaondoka.

MAFUTA YA MKEBE

Wafanyabiashara nao walikuwa na tatizo lao. Mafuta ya maji huchacha upesi na hayasafirishwi kwa urahisi. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alisajili ugunduzi wake: ukichukua mafuta ya maji, ukayapasha moto na kupitisha gesi ya hidrojeni ndani yake pamoja na madini ya nikeli, yanaganda na kuwa meupe kama samli. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza Crisco. Mwaka 1937 Dalda ikaingia India, ikapendwa na watu waliotaka kitu kinachofanana na samli kwa bei nafuu.

Huku kwetu kampuni ya East Africa Industries, iliyokuwa ya Unilever, ikatuletea Kimbo, Cowboy na Blue Band. Nani aliyelelewa Kenya asiyejua Kimbo? Mikebe ikajaa kila duka toka Mombasa hadi Busia. Hata mkebe wenyewe ulipoisha mafuta haukutupwa. Mkebe wa kilo 2 ukawa kipimo cha mahindi na maharagwe sokoni, ndiyo gorogoro tunayoijua mpaka leo! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kimbo na Cowboy zilihamia kwa Bidco, kampuni ya Thika.

Mafuta ya kugandishwa yalikuwa na manufaa, tusikatae. Yalikaa muda mrefu bila ya friji, na mwenye kipato kidogo aliweza kuyanunua. Lakini ule mtindo wa Normann, usipokamilishwa mpaka mwisho, huzalisha kitu kinachoitwa mafuta ya transi, na kadiri miaka ilivyopita utafiti ukaonyesha kwamba mafuta hayo yanaharibu mishipa na moyo kuliko aina nyingine yoyote ya mafuta. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula.

Tahadhari: si kila mafuta yaliyoganda yana transi. Mafuta ya mawese huganda yenyewe bila ya kutiwa hidrojeni. Kwa hiyo usimwambie mama atupe mkebe kabla hujasoma maandishi yake. Ukiona yametajwa mafuta yaliyotiwa hidrojeni nusunusu, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

KARANGA ZA KONGWA

Kuna kisa ambacho kila kijana wa Afrika Mashariki angepaswa kukijua. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta. Siagi na mafuta ya kupikia yaligawiwa kwa kadi. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, ambayo nayo ilikuwa ya Unilever, alipendekeza kwamba Tanganyika ilimwe karanga ili Waingereza wapate mafuta. Serikali yao ikakubali. Mpango ukawa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Wakaleta matrekta na mabuldoza, mengine mabaki ya vita. Hata vifaru vya jeshi viligeuzwa kuwa matrekta. Wakakuta vichaka vya miiba vyenye mizizi iliyovunja majembe ya chuma, na mibuyu isiyong'oka. Mvua ya Ugogo, ambayo wenyeji Wagogo walijua tangu enzi kwamba haiaminiki, haikuja kama ilivyoandikwa kwenye makaratasi ya London. Na ilipokauka, ardhi ya Kongwa ikawa ngumu kama saruji, karanga zikakwama chini. Mwaka 1951 mpango ulifutwa. Hasara iliyotajwa ilikuwa karibu pauni milioni 36.

Funzo ni lipi? Waliopanga hawakumuuliza mwenye ardhi. Lakini ona hekima ya Mola. Katika ukanda huohuo wa kati wa Tanzania, mikoa ya Dodoma na Singida, wakulima wadogo leo wanalima alizeti kwa wingi na kuzikamua kwa mashine ndogondogo. Na katika mafuta ya kawaida ya kupikia, alizeti ni miongoni mwa yanayoongoza kwa vitamini E: takriban miligramu 41 katika kila gramu 100. Karanga zina kama miligramu 15. Nazi, ingawa tunaipenda sisi watu wa wali wa nazi, karibu haina. Mtu mzima huhitaji kama miligramu 15 kwa siku, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti hutoa zaidi ya thuluthi moja.

MTI WETU ULIOHAMIA ASIA

Na yale mafuta ya kwenye jerikeni yalitoka wapi? Kuna uwezekano mkubwa yalikuwa ya mawese, kwa sababu hayo ndiyo mengi katika soko letu. Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi na Kongo. Mwaka 1848 miche minne tu ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, wakati Waholanzi wakitawala. Mwaka 1911 William Lever, mwenye sabuni za Lever, alipewa ardhi kubwa Kongo na Wabelgiji ili avune michikichi, na wenyeji wakafanyishwa kazi kwa nguvu. Mwaka 1917 shamba la kwanza la biashara likaanzishwa Malaysia. Leo Indonesia na Malaysia ndizo zinazoilisha dunia, na mafuta ya mti wa Kiafrika yanarudi Afrika kwa meli kupitia bandari ya Mombasa!

Unakumbuka mwaka 2022, bei ilivyopanda mpaka watu wakaanza kupima mafuta kwa kijiko? Vita vya Ukraine vilikuwa vimekwamisha alizeti ya huko, kisha mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke nje kwa karibu wiki tatu na nusu. Uamuzi umefanywa Jakarta, na mama wa Fedha anahesabu sambusa zake upya. Jirani zetu Uganda wamejaribu kupanda michikichi yao katika visiwa vya Kalangala, Ziwa Victoria, ingawa misitu ya huko imelipa gharama yake.

Mawese ghafi, kama yale ya Kigoma na mashariki mwa Kongo, ni mekundu na yana vitamini E ya kutosha. Kiwandani wekundu huondolewa na sehemu ya vitamini E hupotea, lakini si yote. Kwa hiyo mafuta ya mawese yakitoka kiwandani si sumu, na yanahimili moto vizuri, ila nusu yake ni mafuta mazito ambayo moyo hautaki yazidi.

Na kuna jambo jingine. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A. Vitamini hiyo nayo hulindwa na vitamini E, na jua huiharibu. Kiwanda kinaweza kufanya kila kitu sawasawa, kisha jerikeni likaachwa wazi juani, na kazi yote ikapotea mlangoni.

JE, NIMEZE VIDONGE?

Utasikia dada akisema, "Mimi nanunua vidonge vya vitamini E, vinasaidia ngozi na uzazi." Dada yangu, habari ya uzazi ilitoka kwa wale panya walionyimwa kabisa. Wewe unayekula chakula cha kawaida si kama wao. Miaka mingi watu waliamini vidonge hivi vinakinga moyo. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2000, wa wagonjwa zaidi ya 9,000, haukuona faida hiyo. Mwingine wa wanaume zaidi ya 35,000 ulionyesha mwaka 2011 kwamba waliomeza vidonge vya kipimo kikubwa walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17 kuliko wasiomeza. Allah ameiweka vitamini hii ndani ya chakula. Karanga, simsim, alizeti, parachichi na mchicha vinatosha, labda daktari aseme vingine.

KARAI NI LETU

Ndugu msomaji, angalia tulikopita. Marseille waliamua, London wakaamua, kiwanda kikaamua, Jakarta ikaamua. Lakini kuna sehemu moja ambayo hakuna anayetuamulia, nayo ni pale mafuta yanapofika mikononi mwetu.

Nusu saa kabla ya Magharibi, pita hapa Fedha. Sambusa huku, bajia kule, viazi karai, kaimati, kila mtu anakaanga. Tunafunga kutwa nzima, kisha tunafungulia mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi, meusi, yanayotoa povu na moshi. Kila yanapopashwa moto upya vitamini E inapungua, na ikiisha mafuta yenyewe yanageuka kuwa vitu vyenye madhara. Namjua mama auzaye bajia, ana hesabu yake. Akimwaga mafuta kila siku hatabaki na faida, na watoto wanamngoja. Sisemi tumlaumu. Nasema tusaidiane, na tuanze na haya yaliyo rahisi:

Kwanza, tia mafuta kidogo karaini, yale yanayotosha kazi ya leo. Ukiyatumia tena, yachuje makombo yakishapoa, na yakianza kutoa povu, kunata au kuwa meusi, muda wake umekwisha.

Pili, usiyaache yakatoa moshi. Moto wa wastani unatosha.

Tatu, funika chupa na uiweke gizani, si dirishani wala kando ya jiko. Ukinunua ya kupima, nusa kwanza. Hiyo si dharau kwa mwenye duka, ni haki yako.

Nne, si lazima kila siku iwe ya kukaanga. Uji wa kiini cha ngano, muhogo wa nazi, ndengu, matunda, tende na kiganja cha karanga ni futari kamili. Na Qur'an imetukataza israfu katika kula na kunywa; kijana wa madrasa hahitaji kukumbushwa aya yenyewe iko katika Surat al-A'raf.

Tano, na hili ni letu vijana. Tukichanga familia kumi tunaweza kununua jerikeni zima lililofungwa, lenye jina na tarehe, kwa bei nafuu kuliko ya kupima, tukagawana siku hiyohiyo. Tumshirikishe na mama wa bajia pia, apate yake kwa bei hiyo.

Namalizia nilipoanzia. Katika Surat al-Baqara tumeonywa tusikusudie kutoa vilivyo vibaya, vitu ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Ile aya nimeihifadhi tangu nikiwa mtoto, lakini nyanya wa Tassia ndiye aliyenifasiria, kwa kunusa chupa. Sisi tulitoa sadaka kwa macho yaliyofumbwa.

Mwaka uliofuata tulipunguza idadi ya vifurushi, tukatia mafuta yaliyofungwa, tuliyoyatumia wenyewe nyumbani. Wapo waliolalamika kwamba tumewaacha watu wengine bila ya kitu, na lalamiko hilo lina haki yake. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Ukichangia bei ya chupa moja, hatutalazimika kuchagua kati ya wengi na wema. Na nyanya akituuliza tena, tutakuwa na la kumjibu.

Allah atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, na atujaalie afya ya kuifikia Ramadhan nyingine. Amin.